Pai Arobaini na Hukumu Moja

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Wazo la maisha! Limenijia nikiwa juu ya ngazi, nikibadilisha balbu ya jikoni ambayo mke wangu ameiomba tangu mwezi wa pili. Nikashuka mbio kuliandika kabla halijanitoroka. Balbu itasubiri.

Wazo lenyewe: filamu na chakula. Si filamu halafu chakula. Hapana! Filamu na chakula chake, vimeoana kama viatu. Ukumbi wa mtaa uko tupu kila Jumamosi alasiri. Msimamizi wa ukumbi ni mtu mkavu, anatembea na kengele ya shaba mkononi kana kwamba jengo litashika moto wakati wowote. Ameniambia kwamba atakayeujaza mara moja tu, na watu wakatoka wameridhika, atapewa Jumamosi zote za mwaka. Zote!

Nimemweleza mke wangu. Hakuinua macho kwenye cherehani, ana sare hamsini za shule za kumaliza. Alisema ni vizuri, maana kaka yake ameuliza tena. Kaka yake, yaani Shemeji, ana karakana ya useremala na anatafuta mtu wa kupiga msasa viti. Mtu huyo, wamekubaliana nyuma ya mgongo wangu, ni mimi. Nimepewa mpaka Jumamosi. Nikishindwa, Jumatatu ijayo saa moja asubuhi nipo karakana, nimevaa aproni.

Mimi! Msasa! Na Shemeji hupiga mluzi akifanya kazi. Wimbo mmoja, kipande kilekile, kutwa nzima. Nitakuwa kichaa kabla ya saa nne.

Lakini haitafika huko. Hii ndiyo yenyewe!

Jumanne, 4 Juni

Filamu imepatikana! Mpiga picha wa studio ya pasipoti ana kabati zima la filamu za zamani, nimeazima inayoitwa "Mpishi Kizimbani". Mpishi wa hoteli anashtakiwa kwamba amemuua tajiri wake kwa pai ya nyama na viazi, ileile ambayo marehemu aliipenda tangu utotoni. Saa mbili za mahakama tupu! Mawakili wanakatana maneno, mjane anazimia mara mbili, jaji ana nyusi kama brashi za viatu.

Nimeitazama mchana kwenye kochi. Nilisisimka mno. Ilipofika hotuba ya mwendesha mashtaka, nilifumba macho kidogo nisikilize vizuri. Nilipofumbua, muziki wa mwisho ulikuwa unalia na majina yanapanda. Si neno. Mwisho unajulikana, mpishi anaachiwa huru. Uso ule hauwezi kumuua hata inzi.

Chakula basi ni pai hiyohiyo! Nyama ya kusaga chini, viazi vya kuponda juu, vimeokwa mpaka vimeshika rangi. Chakula cha kumfanya mtu mzima atake kulala mapajani kwa mama yake. Kila mtu na kibakuli chake. Na hapa ndipo penye ufundi: hakuna kula mpaka jaji asome hukumu. Watanusa, watameza mate, watateseka saa mbili nzima. Halafu: hana hatia! Vijiko vinazama! Nimejipigia makofi peke yangu. Mke wangu ameuliza kutoka chumbani kama kuna mgeni.

Kisha akauliza filamu inaishaje. Nimemwambia siwezi kumharibia utamu.

Jumatano, 5 Juni

Pai ya majaribio imeungua. Juu mkaa, chini mbichi. Sielewi imewezaje kuwa vyote viwili.

Mama Mkwe amekuja jikoni, akaitazama, akasema amewahi kupokea ushahidi wa mauaji uliokuwa na afya kuliko ile. Na yeye anajua anachosema. Alifanya kazi mahakamani miaka thelathini na moja, kwenye stoo ya vielelezo: visu, nguo, baiskeli za wizi, kila kitu na lebo yake. Hakupoteza hata pampu ya baiskeli. Kuna mwaka aliletewa mbuzi wa wizi, akamtunza miezi minane kesi ikiendelea. Mbuzi akazaa. Mama Mkwe akamwandikisha na mtoto. Tangu amestaafu anaishi kwetu, na hana cha kutunza isipokuwa mimi.

Nimekwenda kwa mwokaji wa mtaa wa nyuma, yule mwenye tanuri kubwa. Mtu mwema, analia haraka. Nilimsimulia kisa cha mpishi maskini kizimbani, macho yakamjaa maji. Amekubali kuoka zote arobaini, mradi akae mstari wa mbele.

Bango limebandikwa! Nimeliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: NJOO UONE KESI, ULE KIELELEZO. PAI HAZITALIWA MPAKA HUKUMU ITOLEWE. Kielelezo! Neno hilo limenijia hivihivi tu, nikiwa na brashi mkononi. Kwa nini watu wengine hawana akili kama hii?

Shemeji amepita, amelisoma mara mbili, ameondoka akipiga mluzi. Wivu.

Alhamisi, 6 Juni

Majina yamejaa! Arobaini kamili, na wengine wanaomba wasimame nyuma. Mwenye duka la vitambaa anakuja na mume wake, na hao hawajatoka pamoja tangu harusi. Mpiga picha anakuja. Msimamizi mwenyewe anakuja. Hata Shemeji amejiandikisha, nadhani ili ashuhudie nikianguka. Ashuhudie!

Tatizo lilikuwa moja tu. Mama Mkwe. Tangu asubuhi alikuwa nyuma yangu: mahakamani hakuna nyundo kama ile niliyoichora kwenye bango, mashahidi hawakai pamoja, kielelezo hakishikwi na mtu asiye na kazi nacho. Nikaona huyu Jumamosi atanitibulia. Nikatumia akili. Mtu wa namna hiyo unampa cheo, ananyamaza.

Nimemteua Karani wa Vielelezo! Nimemwandikia barua rasmi: atapokea pai zote, atazitunza chini ya kufuli, na atazitoa baada ya hukumu tu. Ameisoma polepole kwa miwani. Kisha akanirudishia, akasema niandike nakala ya pili, na nitie sahihi zote mbili. Nimetia kwa mbwembwe. Alizikunja nakala zake kwa uangalifu. Alisema ni muda mrefu hajapewa kazi.

Moja kwa moja akaenda chumbani. Nimesikia anafungua sanduku la chini ya kitanda. Ana daftari la mapokezi. Ana muhuri!

Nimemaliza. Mpango hauna tundu hata la sindano.

Ijumaa, 7 Juni

Viazi! Viazi! Viazi!

Nilidhani ndoo moja inatosha. Mwokaji alicheka mpaka akakaa. Tumehitaji nne. Nilimenya kimoja kwa dakika mbili, nikapiga hesabu ya vilivyobaki, nikaketi chini kwenye sakafu. Mke wangu akaacha sare zake, akavuta kigoda, akachukua kisu. Tumemenya mchana kutwa. Nilimwigiza mjane anavyozimia, akacheka hadi akajikata kidole. Niliigiza jaji na nyusi zake, akaniomba niache, mbavu zinamuuma. Nimefurahi sana leo. Hata kuponda nimefurahi.

Wakati tunamaliza akauliza tena, mpishi anaachiwa au anafungwa? Nikamwambia aje kesho kama wengine. Akanitazama kwa jicho la kushonea, lile la kutafuta uzi uliokatika. Nikaenda kuosha ndoo.

Kesho! Siwezi hata kukaa!

Jumamosi, 8 Juni

Naandika haya mezani, sijui nina hasira au nini. Nieleze kwa mpangilio.

Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa. Umejaa! Mwokaji mbele kabisa na leso mbili. Pai zilifika moto, mvuke unapanda, harufu hiyo! Mama Mkwe alikuwa mlangoni, sketi nyeusi, nywele zimebanwa, miwani ya kazini. Alipokea kibakuli kimoja kimoja. Kila kimoja alikifunga lebo kwa kamba, K/1 mpaka K/40, akaandika kwenye daftari, akagonga muhuri, akakiweka kwenye kabati la chuma la ukumbi. Kisha kufuli. Ufunguo akautia kifuani. Watu walipiga makofi, walidhani ni sehemu ya onyesho. Hata mimi nilipiga.

Filamu ikaanza. Ilikwenda vizuri ajabu! Mjane alizimia, mwenye duka la vitambaa akashika mkono wa mume wake. Mwokaji alimaliza leso ya kwanza kabla ya shahidi wa pili. Na harufu ilikuwa inatoka kwenye matundu ya kabati, taratibu, inatambaa chini ya viti. Matumbo yalianza kunguruma. Nilimwona Msimamizi anameza mate. Nilijua nimeshinda. Jumamosi zote za mwaka! Nilianza kuchagua filamu ya wiki ijayo kichwani.

Ikafika hukumu. Jaji amevaa miwani, amefungua faili. Watu wameshika vijiko. Jaji akamtazama mpishi. Akafunga faili. Akasema hawezi kuendelea na shauri hili, kwa sababu miaka ishirini iliyopita alimpenda mshtakiwa, na bado anampenda. Amejitoa. Kesi ianze upya mbele ya jaji mwingine. Muziki. Majina yakapanda.

Ukumbi ulilipuka! Vifijo! Mwokaji alikuwa analia kwa sauti. Mimi pia nilishtuka, maana ndiyo kwanza naona. Halafu watu wote arobaini wakageuka, na vijiko vyao, wakatazama kabati.

Mama Mkwe alifunga daftari, akakaa kwenye kiti chake mbele ya kufuli.

Nilimwendea kwa tabasamu, nikamnong'oneza kwamba sasa ni wakati. Akanijibu, wala hakunong'ona, kwamba hukumu haijatolewa. Nilimwambia Mama, filamu imekwisha. Akasema filamu imekwisha lakini shauri linaendelea, na tangu lini kielelezo kikatoka shauri likiendelea? Akafungua mkoba, akatoa barua yangu, akawasomea watu. Sahihi yangu akaionyesha kushoto na kulia. Akauliza kama kuna sehemu ya pili ya filamu. Nikakimbia kutazama jalada. Hakuna.

Nilimsihi. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mkwe wake. Alisema wakati wa kazi hana mkwe. Alisema miaka thelathini na moja watu walikuja na machozi, na zawadi, na vitisho, na hakuna aliyetoka na hata kitufe. Na sauti yake, lazima niandike ukweli, ilikuwa ya furaha.

Nikajaribu kufuli kwa mpini wa kijiko. Akaandika kwenye daftari kwamba nimejaribu kuharibu vielelezo, akagonga muhuri.

Watu wakaanza kupiga kelele. Mume wa mwenye duka la vitambaa alisema ametolewa nyumbani na njaa yake. Shemeji alikuwa ameshika nguzo kwa kicheko, hawezi kusimama. Msimamizi akaja na kengele yake, akaniuliza mbele ya wote kama niliitazama filamu hii kabla ya kuwaalika. Nikasema niliitazama. Akauliza mpaka mwisho? Nikasema inategemea mtu anaelewaje mwisho.

Hapo ndipo mwokaji, mtu niliyemdhania rafiki, akasimama na kusema kama inatakiwa hukumu, basi itolewe, mshtakiwa si yupo? Akaninyooshea kidole mimi!

Baada ya dakika tatu, bila kuelewa kinachoendelea, nimesimamishwa nyuma ya meza iliyopinduliwa. Kizimba. Msimamizi amekuwa jaji kwa sababu ana kengele. Shemeji amekuwa mwendesha mashtaka, hata hakuulizwa, alikuwa tayari amefunga kifungo cha koti. Shtaka: kuwaalika watu kwenye filamu nisiyoijua na chakula nisichoweza kukitoa. Nikasema sina hatia. Ukumbi mzima ukacheka.

Shemeji akamwita shahidi wake wa kwanza. Mke wangu!

Alipanda mbele, aproni yake bado ina uzi. Shemeji akamuuliza kama mshtakiwa amewahi kumaliza kitu alichokianza. Alifikiri. Kisha akasema kwamba banda la kuku halina paa, kwamba jikoni hakuna balbu, kwamba rafu ya vitabu imesimama kwa sababu imeegemea ukuta na ukuta umechoka. Miaka kumi na miwili ya ndoa, alisema, na hakumbuki nimemaliza hata gazeti. Shemeji alisema inatosha, shahidi anaweza kushuka.

Hakushuka. Alisema hajamaliza. Alisema anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, mshono mmoja, mshono mmoja, na kila jioni akisikia mguu wangu mlangoni anasimamisha cherehani ili asikie la leo ni lipi. Alisema amenikasirikia mara nyingi, na kesho atakasirika tena, lakini hajawahi hata siku moja kutamani mlango ule ufunguliwe na mtu mwingine. Kisha akashuka, akakaa, akatazama mikono yake.

Mwokaji hakuwa na leso tena, alitumia ya jirani. Mimi macho yaliniwasha. Nadhani ni harufu ya vitunguu.

Msimamizi akapiga kengele, akasoma hukumu. Nina hatia! Adhabu: miezi mitatu ya msasa kwa Shemeji, kuanzia Jumatatu saa moja asubuhi. Vifijo kuliko vya filamu!

Kwa neno "hukumu" tu, Mama Mkwe alikuwa amesimama. Ufunguo, kufuli, kabati wazi. Aliita namba kwa namba, kila mtu akatia sahihi, akapewa chake. Pai zilikuwa bado vuguvugu. Watu walikula kwa kusimama, wakibishana kuhusu kesi yangu, wakiigiza ushahidi. Walikaa saa nzima zaidi. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Mimi sikuwa na namba, nilijisahau kwenye orodha. Mke wangu alinigawia nusu ya yake. Chumvi ilizidi kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Msimamizi amebisha hodi mapema! Nilikurupuka na shati mkononi. Alisema ukumbi ulijaa, watu walitoka wameridhika kuliko siku yoyote anayoikumbuka, na yeye ni mtu wa ahadi. Jumamosi zote za mwaka. Nikafungua mikono nimkumbatie.

Akanipita, akamkabidhi ufunguo Mama Mkwe.

Watu wanataka mahakama! Kila Jumamosi! Tayari kuna mashauri matatu: jogoo wa mpiga picha anayewika saa nane mchana, ngazi iliyoazimwa na kurudishwa fupi, na mwenye duka la vitambaa dhidi ya mume wake, kwa kukoroma. Mama Mkwe ameshafungua jalada kwa kila moja. Leo amekula vizuri. Ameimba akiosha vyombo! Miaka mitano yupo kwetu, sijawahi kumsikia akiimba.

Lakini wazo ni langu! Nimemwambia Mama, huu ni wizi wa mawazo. Akanijibu kwa upole, akaniita baba, kwamba mfungwa ana haki ya kuleta malalamiko yake kwa maandishi, nakala mbili.

Mke wangu amefua aproni yangu ya karakana, ameianika. Nimeitazama ikipepea. Imenikaa vibaya hata ikiwa kwenye kamba.

Jumatatu, 10 Juni

Karakana, saa moja asubuhi. Vumbi mpaka masikioni. Mluzi ulianza saa moja na dakika tano. Nimepiga msasa viti viwili, na mguu wa cha tatu. Shemeji amesema si vibaya. Mimi nilikuwa nafikiri.

Maana nimeona! Imenijia saa nne, wakati wa chai, nikakaribia kupaliwa. Rufaa! Mtu aliyehukumiwa ana haki ya rufaa! Nimeiandika papo hapo nyuma ya karatasi ya msasa, nikakimbia nyumbani kwa mapumziko. Mama Mkwe ameikataa kwa sababu inakwaruza meza. Nimeandika upya, ameipokea, amegonga muhuri, amenipangia tarehe. Jumamosi hii! Nitakuwa mimi ukumbini, mbele, watu wote wananitazama. Kwa maneno mengine, Jumamosi ni yangu! Wao hawajagundua.

Mtaa mzima unajua. Nimepita mlango kwa mlango wakati narudi kazini. Nimewaahidi mchuzi wa samaki watu sitini, na kila mmoja atakalia kiti kipya kutoka karakana. Shemeji nitamwambia Ijumaa. Samaki nitaulizia.

Kimebaki kitu kimoja, ushahidi wa mke wangu. Ndio ulioniponza. Jioni hii nimeketi naye, nikamweleza kwa utaratibu kwamba safari hii aseme mambo yenye uzito: kwamba nina kipaji, kwamba naona mbali, na akipata nafasi, kwamba nina sura nzuri. Ile habari ya mguu mlangoni na cherehani aiache. Haisaidii kesi, na hakuna aliyeielewa.

Amesimamisha cherehani. Amenitazama muda mrefu, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa sare ya mtoto wa watu. Amesema sawa, mume wangu, ameelewa.

Shahidi yupo upande wangu. Siwezi kushindwa!